Barua kwa mpwa wangu: chipu ni nzima, tazama saa

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umenunua 4017 ya tatu, ile chipu ya kuhesabu inayowasha taa kumi moja baada ya nyingine, na hiyo nayo umeiita mbovu. Nimeikuza picha uliyonitumia hadi nikaona kila waya: taa kumi, kitufe kimoja, waya kutoka kwenye kitufe hadi mguu wa 14. Unabonyeza mara moja, taa inaruka kutoka ya kwanza hadi ya nne. Ukichomoa waya wa kitufe na kugusa mguu ule kwa kidole, taa zinakimbia zenyewe. Tafadhali usizitupe chipu hizo. Naamini zote tatu ni nzima.

Mguu wa 14 ndio mguu wa saa. Saa hii haikuambii ni saa ngapi. Ni volti inayopanda na kushuka, na 4017 husogea hatua moja kila inapopanda. Ndani ya kitufe mna vipande vya chuma. Ukibonyeza vinagongana, vinaruka, vinagongana tena kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Kidole chako kimehisi mara moja, chipu imeona volti ikipanda mara tatu, ikahesabu tatu. Na mguu ukiwa hauna waya, mwili wako unauletea mtikisiko wa umeme wa nyumba, hezi 50 (mara 50 kwa sekunde), nao unahesabiwa vilevile.

Weka kitufe kati ya chanya na mguu wa 14. Kutoka mguu huo hadi hasi weka rezista ya kiloomu 10, na sambamba nayo kapasita ya mikrofaradi 1. Kapasita itashikilia volti kwa milisekunde kama 10, na chuma kikirukaruka chipu haitajua.

Uliniuliza kwa nini saketi isifanye kazi tu bila saa. Wewe ni mtoto wa pwani, umeona jahazi likivutwa nchi kavu. Mmoja anaita "Haraambee!", wote wanavuta. Kati ya mwito na mwito watu wanapanga miguu, wanaikamata kamba upya, na kwa dakika hiyo hakuna mpangilio wowote. Ndani ya chipu ni hivyohivyo. Ishara moja inapita milango miwili (saketi ndogondogo zinazoamua ndiyo au hapana), nyingine inapita ishirini, kwa hiyo hazifiki pamoja, na kabla zote hazijafika jibu ni la uongo. Flip-flopu, kile kisaketi kinachokumbuka ndiyo au hapana moja, haisikilizi uongo huo. Inasubiri volti ya saa ipande, na huo ndio mwito wake, ndipo inachukua ishara iliyoifikia, mradi iwe imetulia kidogo kabla ya hapo na ibaki kidogo baadaye.

Mwitaji akiharakisha kuliko mvutaji mzito, hesabu inaharibika. Ndiyo maana kila prosesa, chipu inayoendesha kompyuta, ina kikomo cha kasi. Kwa gigahezi 1, yaani miito bilioni moja kwa sekunde, kati ya mwito na mwito ni nanosekunde 1, muda ambao mwanga wenyewe husafiri sentimita 30 tu, na ishara kwenye waya haifiki hata hapo. Wasanifu wa chipu wanahangaika sana kuhakikisha mwito unafika pembe zote kwa pamoja.

Ile saa ya ukutani ya bibi iliyokufa nimekuwekea. Ndani mna kristali ndogo kama punje ya mchele, iliyotengenezwa kutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Gawa kwa mbili mara 15, flip-flopu moja kwa kila mgawo, unabaki na pigo moja kila sekunde. Njoo nazo chipu zote tatu, tutaifungua pamoja.

Mjomba wako