Sloti Ndefu, Njia Chache

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja anayepiga na kuhariri video za harusi, kaipakata kompyuta yake ndani ya bajaji kutoka Tabata hadi hapa karakanani kwetu Sinza. Kaiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, na kaiunda vizuri: prosesa ya Core i7-12700, mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya B660, kadi ya picha ya maana, nyaya zimefungwa kwa mpangilio. Wiki hiyo alikuwa amenunua kadi inayobeba SSD nne za NVMe (diski za kasi, nyembamba kama kipande cha ubao) kwa mpigo, ili kicheni pati, sendofu na harusi yenyewe vikae mahali pamoja, asiwe tena mtu wa kusubiri mafaili yahamie kutoka diski hii kwenda ile. Akachomeka, akawasha. Windows ikamwonyesha SSD moja. Tatu hazionekani.

Usiku kucha alikuwa akizibadilisha nafasi. Alipotufikia swali lake lilikuwa moja tu: "Fundi, nimeuziwa feki?"

Hakuuziwa feki. Kadi ilikuwa nzima, SSD zote nne zilikuwa nzima, na mazabodi haikuwa na kasoro. Tatizo ni kwamba vitu hivyo havikuwahi kukubaliana kufanya kazi pamoja, na hakuna aliyemwambia hivyo kabla hajatoa hela. Hilo ndilo linalotuuma, kwa sababu kila wiki tunapokea mtu wa namna hii. Leo ni kadi ya SSD, kesho ni kadi ya mtandao, keshokutwa ni kadi ya kunasa video ya kanisa linalorusha ibada mubashara. Ndiyo maana tumeona tuliandike jambo hili kwa kirefu.

Kadi zote hizi huchomekwa kwenye sloti za PCIe, na sloti ya PCIe hupimwa kwa vitu viwili: idadi ya njia, yaani mikondo ya kupitishia data, na kizazi, yaani toleo la PCIe. Njia zinaweza kuwa moja, nne, nane au kumi na sita. Kizazi ndicho kinachoamua kila njia inapitisha kiasi gani. Kizazi cha 3, kilichotangazwa mwaka 2010, hupitisha karibu gigabaiti 1 kwa sekunde kwa kila njia. Kizazi cha 4 cha mwaka 2017 ni mara mbili ya hapo, na cha 5 cha mwaka 2019 ni mara mbili tena. Kadi na sloti zikiwa za vizazi tofauti zitaelewana, lakini zitaongea kwa kasi ya yule wa chini. Kwenye njia ni vivyo hivyo: mwenye chache ndiye anayeamua.

Wengi wanakwama kwenye urefu. Sloti ndefu inaweza kupokea kadi ya njia kumi na sita, lakini ndani yake zikawa zimeunganishwa njia nne tu, au hata moja. Mazabodi nyingi za bei ya kati ndivyo zilivyo: sloti ya juu ni kamili, ile ndefu ya chini ni ndefu kwa umbo tu. Chukua tochi umulike ndani ya sloti. Ukiona meno ya shaba yanaishia karibu asilimia 40 ya urefu na sehemu iliyobaki ni plastiki tupu, hizo ni njia nne. Kitabu cha mazabodi nacho husema wazi, ila kitabu hicho kwa kawaida hubaki ndani ya boksi, na boksi lenyewe lilishatupwa.

Halafu kuna suala la sloti inaunganishwa na nani. Wakazi wa Kigamboni watalielewa haraka. Ukipita darajani, unavuka moja kwa moja. Ukipita Magogoni, hata barabara ya ng'ambo ingekuwa pana namna gani, mwisho wa yote mnaingia pantoni moja: malori, bajaji, watembea kwa miguu na wewe. Sloti ya juu kabisa na nafasi moja ya M.2 (ya kuchomeka SSD moja kwa moja kwenye mazabodi) kwa kawaida zina daraja lao hadi kwenye prosesa. Zilizobaki, pamoja na bandari za SATA, USB na mtandao, hupitia chipseti, chipu ya mazabodi inayowakusanya wote kabla ya kufika kwenye prosesa, na chipseti ndiyo pantoni. Kwenye B660 pantoni hiyo hubeba takriban gigabaiti 8 kwa sekunde kwa wote. Siku ya kawaida hutaona shida. Utaiona siku unanakili kutoka SSD mbili, kadi ya mtandao inapokea mafaili na kamera inamwaga picha kwa USB, vyote kwa wakati mmoja.

Turudi kwa kijana wetu. Kadi ya SSD nne ya bei nafuu haina akili yoyote ndani yake. Ni nyaya tu, zinazotegemea mazabodi iigawe sloti ya njia kumi na sita iwe mafungu manne ya njia nne nne. Mazabodi isipoigawa, SSD ya kwanza inaonekana na zingine zinabaki gizani. Sasa, chipseti ya B660 hairuhusu mgawanyo huo kabisa. Hata angekuwa na mazabodi ya Z690 na prosesa ile ile, sloti ingegawanyika mara mbili tu, nane kwa nane, na angeona SSD mbili: iliyo nafasi ya kwanza na iliyo nafasi ya tatu. Upande wa AMD, prosesa za Ryzen 5000 za kawaida zinaweza kugawa mafungu manne ikiwa BIOS ya mazabodi (programu ya mipangilio inayotangulia Windows) imeweka chaguo hilo. Lakini zile zenye uwezo wa picha ndani yake, 5600G na 5700G, hugawa nane, nne na nne, kwa hiyo mwisho wake ni SSD tatu, tena kwa kizazi cha 3. Ona jinsi kadi ile ile, kwenye kompyuta nne zilizo karibu sawa kwa bei, inavyotoa majibu manne tofauti.

Na kulikuwa na jeraha la pili ambalo hakulijua. Ili kadi mpya ipate sloti ya juu, alikuwa ameishusha kadi ya picha kwenye sloti ya chini, yenye njia nne za kizazi cha 3. Kadi iliyozoea zaidi ya gigabaiti 31 kwa sekunde ikabaki na pungufu ya 4, tena kwa pantoni. Ndiyo maana siku zile mbili video zake zilikuwa zikikwama kila anapozipitia, akadhani ni programu ya kuhariri.

Tuliirudisha kadi ya picha juu. SSD moja tukaiweka kwenye nafasi ya pili ya M.2 iliyokuwa wazi. Nyingine tukaipa kadi ndogo ya SSD moja, ambayo haihitaji mgawanyo wowote, ikakaa sloti ya chini. Mbili zilizosalia zikaingia kwenye vifuniko vya USB, na sasa anazitumia kukabidhi kazi na kutunza nakala za akiba. Zipo pia kadi za SSD nne zenye chipu yake ya kugawa njia, ambazo haziombi ruhusa ya mazabodi, ila bei yake ni ya juu sana, na ukiichomeka kwenye sloti ya njia nne, SSD zote nne zitagawana njia hizo hizo. Kwake yeye isingekuwa na faida, tukamwambia hivyo.

Kadi za mtandao za gigabiti 10 nazo zina mambo yake. Nyingi tunazoletewa ni za mtumba, zilizotolewa kwenye seva, na kwa kweli ni kadi imara. Ila nyingi kati ya hizo ni za kizazi cha 2 zenye njia nane. Ukiichomeka kwenye sloti ndefu yenye njia moja, haitapata zaidi ya megabaiti 500 kwa sekunde, yaani kama gigabiti 4, hata sloti yenyewe iwe ya kizazi cha 4. Ipe njia nne na bandari moja itapumua vizuri. La pili ni joto. Kadi hizi zilizoea kuishi ndani ya seva zenye feni zinazovuma kama genereta. Ukiiweka kwenye kasha tulivu la nyumbani, kwa joto letu la Januari hadi Machi, itafanya kazi dakika kumi kisha mtandao unakatika. Feni ndogo ya kuielekezea upepo inamaliza tatizo, na hatufungi kadi hizo bila feni hiyo.

Wanaonunua kadi za picha za bei nafuu nao waangalie. Radeon RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022, ina umbo la sloti nzima lakini imeunganishwa kwa njia nne tu. Kwenye mazabodi ya kizazi cha 4 inajikongoja. Kwenye mazabodi ya B450, ambayo ni kizazi cha 3, njia hizo nne zinabaki na nusu ya uwezo, na kwenye michezo mizito utaliona hilo kwa macho.

Kabla hujasema kadi imekufa, ingia BIOS. Ikiwa ni toleo la zamani, lisasishe, na wakati wa kusasisha kompyuta iwe kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kupoteza mazabodi. Washa chaguo la Above 4G Decoding, kwa sababu kadi nyingi za kisasa huomba nafasi kubwa ya anwani za kumbukumbu. Huenda ukatakiwa kuzima CSM, chaguo linaloruhusu kompyuta iwake kwa mtindo wa zamani. Hapo simama kwanza: ikiwa Windows yako iliwekwa kwenye diski iliyopangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, ukizima CSM haitawaka. Data haijapotea, usipaniki. Irudishe CSM, tunza nakala ya mafaili yako, kisha badilisha mpangilio wa diski uwe wa mtindo mpya wa GPT kwa zana ya mbr2gpt iliyomo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703.

Kama kadi ya picha umeisimamisha kwa waya wa riza (waya unaoiunganisha na sloti bila kuichomeka moja kwa moja), na waya huo ni wa kizazi cha 3 wakati kadi na mazabodi ni za kizazi cha 4, utapata skrini nyeusi au kompyuta inayojizima yenyewe. Ingia BIOS, weka sloti kwenye Gen3 badala ya Auto. Ikitulia, mkosaji ni waya.

Wengine hutupigia simu wakiwa na hofu kwa sababu GPU-Z, programu ya kuangalia taarifa za kadi ya picha, inaonyesha kadi yao ya kizazi cha 4 inatembea kwa 1.1. Kadi ikiwa haina kazi hupunguza mwendo ili kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, ipe kadi kazi, uone namba ikipanda. Ila idadi ya njia ikibaki nne au nane wakati inapaswa kuwa kumi na sita, hapo kuna jambo. Mara nyingi ni kadi haijakaa sawasawa, au meno yake yamechafuka.

Na Dar meno huchafuka. Kompyuta zinazotoka Msasani, Mbezi Beach na Kigamboni tunazitambua kabla mwenyewe hajasema anakaa wapi: chumvi ya bahari imeshafifisha dhahabu ya meno ya kadi, na vumbi limeganda juu yake. Chomoa kompyuta ukutani, toa kadi, futa meno kwa kitambaa laini chenye spiriti safi ya isopropili, acha ikauke, rudisha hadi usikie kufuli ya sloti ikilia. Kazi ya robo saa. Tumeokoa kadi kadhaa zilizokuwa zinapelekwa kuuzwa kama mbovu.

Ukisafirisha kompyuta, toa kadi ya picha. Tunakuomba sana kwenye hili. Kadi nzito ikining'inia ndani ya basi kutoka stendi ya Mbezi hadi Mwanza, kila tuta linaipiga sloti. Tumeshapokea sloti zilizopasuka, na sloti ya mazabodi si kitu cha kubadilisha kirahisi.

Kuhusu umeme: sloti yenyewe hutoa hadi wati 75, plagi ya pini sita 75 nyingine, ya pini nane 150. Kadi yenye plagi mbili ipe waya mbili zinazotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Adapta za Molex (za kugeuza plagi ya zamani ya pini nne iwe ya kadi) hatuzifungi, hata mteja akituletea yake.

Kama unataka kununua kadi, tutumie kwanza picha tatu: jina la mazabodi lililochapishwa kwenye ubao wenyewe, sloti zote zikionekana kutoka juu na vilivyochomekwa tayari, na jina la kadi unayoitaka. Taja na prosesa yako. Tutakuhesabia njia na kukuambia ikae wapi, kitu gani kitazimika ikikaa hapo, au usiinunue. Hesabu hiyo hatuitozi. Ukifika karakana kwa ajili ya kufunga, njoo na waya zote zilizokuja na pawa saplai yako, hata ambazo hujawahi kuzitumia. Waya za pawa saplai ya kampuni nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa kwenye plagi huku mpangilio wa pini ukiwa tofauti, na tukiwasha hivyo tutaunguza diski zako.