Baba, kuhusu ule ujumbe wako wa kubadilisha kozi

Wazazi wangu wapendwa, shikamooni. Bwana asifiwe.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na natumaini nanyi hamjambo. Dada amenifikishia ujumbe wa Baba, kwamba niache muziki nibadilishe kozi. Ameufikisha kwa upole, lakini namjua Baba, na najua ulitoka hivi: "Kuimba si alikuwa anaimba tangu zamani? Amefuata nini huko?" Kwenye simu maneno haya hayaishi vizuri. Mtandao unakatika, Mama anaanza kuombea safari ya mtu mwingine, mada inapotea. Kwa hiyo nimeona niandike, na Dada awasomee taratibu, asiruke.

Kwanza nieleze ninachosoma, maana nadhani mnafikiri chuo cha Kikristo cha muziki huku Marekani ni mazoezi ya kwaya yasiyo na mwisho. Kwaya ipo, na ni saa ninayoisubiri kila siku, lakini ni sehemu ndogo tu. Kuna nadharia ya muziki, historia ya muziki, kinanda, kuongoza kwaya, na somo la mtu mmoja na mwalimu wake wa sauti. Halafu kuna somo la sikio, na hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu linamhusu Baba.

Mwalimu anakaa kwenye piano, anapiga mapigo manane ya sauti nne, anarudia, kisha sisi tunaandika alichopiga: soprano imekwenda wapi, besi imekwenda wapi, katikati kuna nini. Hakuna kuangalia, ni kusikia tu. Wapo wanafunzi hapa waliopiga piano tangu wana miaka mitano, vidole vyao vinakimbia ajabu, lakini mwalimu akiwaambia "imba hiki kilichoandikwa" bila kuwapa piano wanatetemeka. Mimi ambaye kusoma noti za mistari mitano kulinitoa jasho muhula wote wa kwanza, kwenye sikio nilikuwa mbele yao. Si kipaji, Baba. Ni ule ubao wako wa solfa, zile do, re, mi. Yule mtu uliyemfokea jioni nzima kwa sababu fa yake inaelekea mi, leo anasikia fa inayoshuka hata akiwa amesinzia.

Na solfa yenyewe si kitu cha watu wasiosoma, kama wengine wanavyodhani. Mizizi yake ni mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, karne ya 11, aliyechukua mianzo ya mistari ya wimbo wa Yohana Mbatizaji ili awafundishe vijana kuimba haraka. Zamani do iliitwa ut. Baadaye sana, mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, akaipanga upya kwa ajili ya watoto, na mchungaji John Curwen akaieneza kuanzia miaka ya 1840. Wamisionari wakaibeba hadi Afrika kwa sababu inaandikika kwa herufi za kawaida na kuchapwa kwa bei rahisi. Nilipoyasoma haya darasani nilitamani Baba angekuwepo, ajue kwamba yumo kwenye historia ya muziki japo hawajamwandika.

Na walimu wa hapa tunatofautiana jambo moja. Sisi wimbo wa maina, ule wenye sauti ya huzuni, tunauanzia la, wala hatuumizi kichwa. Hapa wanataka uanze na do ile ile, halafu mi uishushe iitwe me, la iitwe le, ti iitwe te. Nimeshafanya hivyo kwenye mitihani kwa sababu alama ni alama, ila nikiwa peke yangu narudi kwenye la. Huko siwezi kuhama.

Sasa tuje kwenye nadharia. Kitabu tunachokaa nacho sana ni cha korali 371 za Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Ujerumani, ambazo mwanawe Carl Philipp Emanuel alizichapisha kati ya 1784 na 1787, baba yake akiwa ameshafariki. Ni nyimbo za kanisani za sauti nne, fupi, za kuimbwa na watu kama sisi. Tunazichambua sauti moja moja. Sheria inayotusumbua kuliko zote ni hii: sauti mbili zisifuatane kwa umbali wa tano, yaani wa noti tano, kama kutoka do hadi so. Mfano, besi ikiwa do na sauti ya tena ikiwa so, kisha besi ikapanda re na sauti ya tena ikapanda la, umekosa. Kalamu nyekundu. Mbaya zaidi ni kwamba ukiimba unasikia vizuri tu! Nilimwuliza mwalimu kosa liko wapi kama masikio yanafurahi. Akanijibu kwa uungwana kwamba sheria hii ni ya mtindo, si ya Mungu: watu wa enzi ile walitaka kila sauti ijitegemee, na sauti mbili zikifuatana kwa tano zinasikika kama moja. Jibu hilo nimelipenda. Kwa hiyo Dada asianze kusahihisha nyimbo za kwaya yetu kwa sababu nimeandika haya. Kwaya inayoimba kwa mtindo wake haijavunja sheria ya mtu.

Mama aliuliza kama nimeanza kupiga "kile kinanda kikubwa," yaani ogani. Nimeanza, na kinanichekesha. Kina kibodi tatu za mikono, moja juu ya nyingine, kila moja vibonye 61, na chini kuna vibonye 32 vya mbao vya kupigwa kwa miguu. Unavaa viatu vyembamba vyenye kisigino ili uusikie ubao, na hutakiwi kuangalia chini. Vidole vya mguu, kisigino, vidole, kisigino. Sauti inatoka kwenye mabomba yanayopulizwa upepo: bomba refu sauti nene, bomba likiwa nusu ya urefu huo sauti inapanda oktavu moja, yaani kutoka do hadi do ya juu yake. Bomba la do ya chini kabisa kwenye safu ya kawaida lina urefu wa karibu mita mbili na nusu, na zipo safu zenye mabomba marefu mara mbili ya hapo. Ukiibonya ile noti ya chini ya miguu unaisikia kwenye benchi kabla ya masikio. Wiki za mwanzo mkono wa kushoto ulikuwa unataka kupiga unachopiga mguu, yaani unajiona umegawanyika. Sasa unaanza kutii.

Baba alitaka kujua pia Ukristo wa chuo uko wapi, au ni jina tu. Upo. Tuna ibada katikati ya asubuhi, ofisi na madarasa yanasimama. Tunasoma Biblia kama somo la lazima hata sisi wa muziki. Na tulitia sahihi kanuni za maisha kabla ya kupokelewa. Mama, usiwe na wasiwasi.

Lakini liko jambo ambalo hata walimu wanabishana, na ni lile lile linalotugombanisha kwenye kwaya. Unaimba kwa ajili ya nani? Hapa sauti yako inapewa alama. Mwisho wa muhula unasimama mbele ya jopo la walimu, unaimba, wanaandika: pumzi fupi, vokali zimebanwa, lugha ya Kijerumani haieleweki. Jumapili unaimba wimbo huo huo kanisani. Je, unaweza kuiacha ile karatasi mlangoni? Binafsi siwezi, bado. Ninapoimba ibadani nasikia pumzi yangu. Rafiki zangu wengine wanasema hiyo ni dhambi ya majivuno. Mwalimu wa kuongoza kwaya anasema kinyume: fundi anayemtengenezea mtu mlango haombi radhi kwa kuupima.

Ubishi huu ni wa kale kuliko sisi. Katika matengenezo ya kanisa, Martin Luther alitunga nyimbo ili waumini wote waimbe, na ule wake ulioegemea Zaburi ya 46 unaimbwa hadi leo. Huko Zürich, Uswisi, kiongozi mwingine wa matengenezo hayo, Zwingli, ambaye yeye mwenyewe alijua kupiga vyombo vingi, aliutoa muziki kwenye ibada na ogani zikavunjwa. Fikirieni, mwanamuziki hodari ndiye aliyenyamazisha kanisa! Darasani tuligawanywa pande mbili tujadili, nikapangiwa upande wa Zwingli, nami nikamtetea mpaka nikaogopa, maana hoja zake zina nguvu: mtu anaweza kuipenda sauti akamsahau aliyempa. Ila mwishoni bado niko na Luther. Bach naye alikuwa akiandika mwishoni mwa kazi zake herufi tatu, S.D.G., yaani utukufu ni wa Mungu peke yake. Na yule alikuwa mwajiriwa. Tangu 1723 mpaka alipofariki mwaka 1750 alikuwa mwalimu wa muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas, Leipzig, akidaiwa muziki wa Jumapili na kufundisha watoto, na kugombana na wakubwa wake kuhusu malipo na waimbaji wasiofaa. Utukufu wa Mungu na makaratasi ya mwajiri vilikaa meza moja.

Hapo ndipo naingia kwenye kazi, Baba, maana najua ndiyo hofu yako hasa. Una haki ya kuogopa. Digrii ya muziki hapa iko ya aina mbili kubwa: moja muziki unachukua karibu thuluthi mbili ya masomo yote, inaandaa waimbaji na wapigaji, nyingine muziki ni sehemu tu, unachanganya na masomo mengine. Nilikuja na hamu ya kuwa mwimbaji wa jukwaani. Nimewasikia wenzangu, nimejisikia na mimi, na nimeona kwamba kinachonivuta ni kuwafundisha watu kuimba pamoja. Kwa hiyo sitabadilisha kozi, lakini nimehamia upande wa ualimu wa muziki na muziki wa kanisa. Nitajifunza kufundisha shule, kuongoza kwaya, kupanga sauti, na ogani. Mtu wa namna hiyo anapata kazi shuleni, kanisani, na akiwa na mikono mizuri anawapigia waimbaji wengine piano kwa ujira. Utajiri sikuahidi. Njaa pia sikuahidi.

Na ukiambiwa wanafunzi wa muziki hawana faida, wakumbushe Chuo cha Fisk, Nashville, huku Marekani. Wamisionari walikifungua mwaka 1866 kwa ajili ya watu walioachiwa huru kutoka utumwani. Miaka mitano baadaye kilikuwa kinakaribia kufungwa kwa ukata. Mhazini wake, George White, akawachukua wanafunzi tisa wakaenda kuimba mji kwa mji, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, na zilizowashika watu ni zile nyimbo za dini za wazazi wao. Mwaka 1873 walikuwa Uingereza wakiimba mbele ya Malkia Victoria. Pesa waliyoileta ilijenga jengo, na linasimama hadi leo. Kwaya iliokoa chuo, si chuo kilichoisaidia kwaya.

Na Enoch Sontonga je? Mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, mtu wa kwaya kama wewe, aliyeandika nyimbo zake kwa solfa kwenye daftari. Mwaka 1897 akatunga ule wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoisimamia wima tukiimba Mungu ibariki Afrika. Alifariki 1905, hajajua utafika wapi.

Kuhusu fedha, msihangaike kutuma. Mwanafunzi mgeni huku Marekani anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nami nimepata kazi maktaba ya muziki. Napanga nakala za kwaya kwenye makabati na kubandika kurasa zilizochanika. Nazisoma nyingi kuliko ninazobandika.

Sasa ombi, na hili ndilo hasa lililonifanya nikae niandike. Muhula ujao tunatakiwa kupanga wimbo kwa sauti nne na kuuandika kwa noti za mistari mitano, kwa namna ambayo hata mtu asiyeujua ataweza kuuimba. Nataka kutumia zile nyimbo tatu ambazo Baba alizitunga na hazijawahi kuchapwa. Tatizo ni kwamba ninazikumbuka kwa besi yangu tu. Dada, naomba uzirekodi kwa simu, hivi: kwanza kwaya yote pamoja, simu iwe mbele katikati, mbali na spika. Kisha kila sauti peke yake, soprano, alto, tena, besi, Baba akitoa do kabla ya kila moja ili nijue ufunguo. Mtu mmoja mmoja wa kila sauti anatosha, lakini chagua wasioteleza kwenda sauti ya jirani. Mama aimbe alto, tafadhali, na asiongeze mapambo yake mpaka mara ya pili. Piga picha pia ya daftari la Baba, ukurasa mzima, hata pale alipofuta.

Jina la mtunzi nitaliandika juu kulia mwa ukurasa wa kwanza, kama inavyofanywa kwa kila mtunzi. Baba anijulishe anataka liandikwe vipi, na mwaka aliotunga kila moja.

Wasalimieni wote wa kwaya, na Shangazi mwambieni viatu vya ogani havina kisigino kirefu kama alivyodhani.

Mwanenu mpendwa