Wifi, picha ni yako, Z ni yangu

Wifi yangu, mke wa kakangu, salamu nakupa japo najua hutaziitikia. Simu hupokei, WhatsApp naona tiki za buluu halafu kimya, ile voisi noti hata hukuifungua. Basi nakuandikia huku hadharani ambako najua utapita kusoma, manake kwa kufuatilia mambo ya watu wewe hujambo. Natania. Au sitanii, tutajua mbele.

Nilishaamua kunyamaza, wallahi, nikasema wacha yapite. Lakini juzi mwanao kaniambia kile kitambaa nilichomtarizia kuwa zawadi ya harusi, kile ulichosema nimenakili picha yako, kimetolewa ukutani, kimekunjwa kikatiwa sandukuni mpaka eti "mambo yaishe". Yataishaje na hatuongei? Na wewe uliyelelewa na mama mshona kofia, unayejua sindano inavyokula macho, ndiye wa kukunja kazi ya mkono mara nne kama gazeti? Hapo ndipo nikafungua kompyuta.

Tuanze na pale unapopapenda, kwamba picha ni yako. Ni yako. Sijawahi kusema ni yangu. Ulikuja kunitembelea, nikaomba likizo, wazee ninaowatunza nikawaachia wenzangu, tukapanda basi kutoka Dublin mpaka Clare, magharibi ya Ayalandi, kwenye yale majabali ya Moher, na upepo wa pale unaujua mwenyewe, jabali limesimama mita 214 juu ya bahari na wewe unataka usogee ukingoni upate wale ndege wenye midomo ya rangi na mnara wa O'Brien kwa pamoja. Nani alikushika? Nilikukamata leso kiunoni kwa mikono miwili, macho nimefumba, nasoma kila dua ninayoijua, wewe unapiga tu, "ngoja moja, ngoja moja tu". Kwenye ile picha leso inaonekana pembeni imepeperuka, ile nyekundu, na aliyeishika upande wa pili ni mimi. Simo kwenye picha lakini nilikuwepo.

Trinity, kile chuo kikuu cha Dublin, nako uliniudhi nikanyamaza. Nimekulipia tiketi uone Book of Kells, Injili nne zilizoandikwa na watawa kwenye mwaka 800 hivi, majani 340 ya ngozi ya ndama, wewe ukasimama mbele ya kile kioo kwenye giza ukasema "ndo hiki tu? Na picha hawaruhusu?" Ukatoka kwenda kununua sumaku za friji. Mimi nikabaki mbele ya ule ukurasa wao maarufu, wa herufi za Kigiriki za jina la Kristo, waliokuwa wameukuza ukutani, nikawa natafuta: paka hapa, panya wanagombea kimkate pale, fisi maji kashika samaki, wote wamejibanza chini ya herufi, na ile mistari inayosokotana inapita juu, inapita chini, juu, chini, haipotei. Nikasema hii ni kazi ya sindano, ila wao wameifanya kwa wino. Rangi zenyewe ni vituko, manjano yao imetoka kwenye madini yenye arseniki, sumu kabisa, na ile buluu watu waliamini miaka mingi kwamba ni ya jiwe la Afghanistan mpaka wataalamu walipoipima wakakuta ni rangi ya majani tu. Hayo nilitaka nikuhadithie kwenye basi, ukatia vidude masikioni.

Sasa kitambaa. Picha yako niliichapisha laibrari ya mtaa, karatasi nikaibandika kwenye kioo cha dirisha mchana kweupe, kitani juu yake, nikafuatisha kwa penseli. Hapo ndipo yako ilipoishia wifi. Uzi ule ni nyuzi sita zimelala pamoja, unazitenganisha, ukitaka ukungu unashona na mmoja tu, ukitaka mwamba unatia tatu. Bahari ilinikatalia nikaifumua, ikanikatalia tena. Leso yako nikaitoa pembeni ilikokuwa nikaifanya mshipi wa herufi, na herufi ni Z, ya mwanao, na hiyo Z haipo kwenye picha yako wala haipo kwa wenyewe Waayalandi, manake alfabeti yao ya zamani ina herufi 18 tu, J hamna, K hamna, Z hamna. Ilibidi niiunde. Kichwa nimekitoa kwenye T yao ya mviringo, mguu nimeutoa kwenye L, katikati nikapitisha leso ikajisokota mpaka nikawa naiota. Na kwenye kutarizi hayo masokoto si mchezo, uzi unaopita chini unaukatisha halafu unauendeleza ng'ambo ili jicho lidhani umepita, ukikosea mahali pamoja fundo zima linakuwa uongo. Kisha vidoti vyekundu kuizunguka herufi, huo ni mtindo wao wa zamani, umo hata kwenye Book of Durrow, kitabu kingine cha Injili ambacho ni kikongwe kuliko Kells, mimi nimevifanya kwa vifundo vya uzi, kimoja kimoja, nikitoka zamu ya usiku na miguu imevimba. Hicho ndicho ulichokiita kunakili.

Usiku wa hina. Nyumba imejaa wanawake mpaka kwenye ngazi, mwanao ameketi kati, mikono yote miwili ina hina mbichi mpaka viwikoni, na mimi shangazi mtu nafungua zawadi yangu. Vigelegele vikalia. Kuna aliyesema mashallah, hii imeshonwa na mashine? Nilifurahi, sikatai. Na hapo hapo ukainuka, ukatoa simu kwenye pochi, ukaitafuta ile picha wala hukuharakisha, ukaikuza kwa vidole, ukaishika kando ya kitambaa. "Linganisheni. Wifi yangu kaenda mpaka Ulaya, kazi kunakili." Wakacheka. Simu ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja anatazama simu, anatazama kitambaa, ananitazama mimi. Mwanao akainua mikono akichukue, akakumbuka hina, akabaki ameiacha hewani anasema mama, mama basi. Na mamangu ambaye masikio hayamsaidii tena siku hizi akauliza kwa sauti, nani kaiba? Kaiba nini? Hakuna aliyemjibu. Wewe ndiye ulikuwa karibu naye. Ni mama mkwe wako miaka yote hii, anakupenda wewe kuliko mimi niliyemtoka tumboni na hilo tunalijua sote, ungeinama tu sikioni umwambie hakuna wizi mama, ni mzaha. Ukakaa ukala kaimati.

La picha nakusamehe kesho asubuhi ukitaka. Hilo la mama sijui.

Huku niliko kesi ya namna hii ilishahukumiwa zamani, na nakupa mwenyewe maana najua utaifurahia. Wanasimulia kwamba Colm Cille, mtawa wa ukoo mkubwa, aliazima kitabu cha Zaburi kwa mwalimu wake Finnian akakinakili usiku kwa siri. Finnian alipojua akaitaka ile nakala. Wakaenda kwa mfalme Diarmait, na mfalme akasema kila ng'ombe na ndama wake, kwa hiyo kila kitabu na nakala yake. Mwenzangu Colm Cille hakukubali. Ikapigwa vita pale Cúl Dreimhne, mwaka 561 wanasema, watu wakafa, na 563 yeye akavuka bahari akaanzisha nyumba ya watawa kisiwani Iona, Uskoti. Na wengi wanaamini Kells yenyewe ilianzia kwa watawa wa Iona, baada yake kwa karne mbili na zaidi. Hiyo Zaburi inayosemekana ndiyo nakala ya ugomvi imesalia majani 58, iko Dublin, Royal Irish Academy, huwa napita mlangoni mwao nikienda mjini na kila nikipita nakukumbuka.

Haya, hukumu iko upande wako, sijaificha. Lakini mfalme hakuulizwa swali ambalo mfugaji yeyote angemwuliza: ndama hana baba?

Na nikupe nyingine ambayo hujui. Mwaka 1902 pale Dundrum, Dublin, kulianzishwa karakana ya wanawake ikiitwa Dun Emer, na upande wa kutarizi alisimamia Lily Yeats, dadake yule mshairi W. B. Yeats. Walishona bendera za watakatifu wa Kiayalandi kwa ajili ya kanisa la Loughrea kule Galway. Michoro alichora kakake Lily, Jack, na mke wa Jack naye akachora baadhi. Umenielewa? Wifi kachora, wifi kashona. Bendera zipo mpaka leo, watu wanatoka mbali kuzitazama. Utasema wao walielewana tangu mwanzo. Sawa, wao walikuwa wanaongea.

Kuna na wale walionong'ona siku ile kwamba mimi Mwislamu natarizi herufi za Injili, na wewe ukawaachia wanong'one. Sijashona aya hata moja ya Injili, nimeshona fundo, jabali na herufi ya jina la mtoto. Halafu wewe wa kusema nini, babu zako wa Siyu, kisiwani Pate! Siyu ambako misahafu iliandikwa na kupambwa kwa mkono, wino mweusi na mwekundu, maua pembeni, na kila msahafu ulinakiliwa kutoka mwingine na mwandishi alipewa heshima yake. Au mamako Mungu amrehemu, mara ngapi alimwona mtu barabarani na kofia ya viua vizuri, akarudi ndani mbio akavichora kabla havijamtoka kichwani? Tuliketi naye barazani mimi na wewe tukimtungia uzi sindanoni. Mbona yeye hukumwambia linganisheni?

Nyie mnaosoma mtasema huyu anaandika kitabu kizima kwa ajili ya kitambaa. Nendeni zenu, naongea na wifi yangu.

Ushauri niliokuwa nataka kumpa mwanao siku ile sikuupata kuusema, manake koo lilikauka. Nilitaka kumwambia akifika kwa mumewe asimwekee wifi yake kinyongo, kitu kikimkera aseme siku hiyo hiyo jikoni, wawili, mlango umefungwa. Asingoje hadhara. Mimi nilinyamaza Trinity, nikanyamaza kwenye basi, na kunyamaza kwangu kulikuwa heshima, wewe ni mke wa kakangu na ni mkubwa wangu, kwetu hatumfokei mkubwa. Kama ungenipigia simu ukaniuliza mbona umeitumia picha yangu, ningekwambia nataka iwe surprizi, nikikuomba utamwambia mwanao kabla ya Magharibi haijaadhiniwa, hujawahi kuficha siri ya zawadi wewe. Kakangu shahidi.

Na bado, usiku nikiwa peke yangu nashona, ninayemuwazia ni wewe. Nilipokuwa natafuta nauli ya kuja huku ni wewe uliyeivua ile bangili ukanipa, na hukumwambia kaka mpaka nilipofika. Sijasahau. Hiyo leso nyekundu kwenye kitambaa unadhani nimeiweka katikati kwa sababu gani, ningeweza kuweka nyoka wa Kiayalandi au ndege wao waliojinyonganyonga shingo, wako wengi kwenye Kells. Nimeweka leso yako, mama wa bibi harusi, ikaishika herufi ya mwanao kichwa na mguu. Hukuangalia. Ulikuwa unaangalia simu.

Basi kitoe sandukuni. Ukikipiga pasi kigeuze kwanza, weka taulo nene chini, upige mgongoni ili vile vifundo visilale. Usikitundike mkabala na dirisha, jua la Mombasa litakula ile buluu. Na ile picha yako nyingine ya Glendalough, yenye mnara mrefu na ziwa nyuma, naitaka. Nakuomba sasa, hapa, mbele za watu wote hawa, usije ukasema sikuomba. Ukikataa kataa, lakini nitumie jibu kwa simu, sio kwa mdomo wa mwanao, na umwambie mama mimi sikuiba kitu.