Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Umri wa Kuolewa, Oktoba 2023

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wa Jimbo letu, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika mahafali yetu. Mahitaji ya maji na uzio yamo katika taarifa ya Mkuu wa Shule. Sisi tumeomba, nasi tukaruhusiwa, kusema jambo moja tu linalotugusa sisi tunaoondoka, yaani umri ambao sheria inamruhusu msichana kuolewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinaweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na mahakama inaweza kuruhusu hata mwenye miaka 14. Kifungu cha 17 kinataka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya mzazi, ambaye mara nyingi ndiye huyohuyo anayepokea mahari. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Mwezi huu inatimia miaka 4, na marekebisho hayajafanyika.

Tunajua kwamba mwanafunzi analindwa, na tunashukuru: tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Lakini kinga hiyo humtoka msichana siku anapoacha kuwa mwanafunzi. Mwenzetu mmoja tuliyemaliza naye darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea. Matokeo yalitoka, posa ikafika, na wakati sisi tunapimwa sare za kidato cha kwanza yeye alikuwa amewekwa ndani anafundwa. Alikuwa na miaka 15, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 bado ni mtoto. Nasi tukishafanya mtihani wa taifa mwezi ujao, wale wenye miaka 16 na 17 watarudi nyumbani wakiwa katika hali hiyohiyo.

Wapo wazazi wanaoamini kuwa ndoa humsitiri binti, na nia yao hatuitilii shaka. Tunachoomba ni kwamba binti mwenyewe afikie kwanza umri wa kuweza kukubali au kukataa.

Kwa hiyo tunakuomba uiulize Serikali bungeni ni lini italeta muswada wa kurekebisha vifungu vya 13 na 17, ili umri uwe miaka 18 kwa wote, pasipo mwanya wa ridhaa ya mzazi wala kibali cha mahakama. Serikali ikichelewa, tunakuomba uwasilishe muswada binafsi.

Tunaomba kuwasilisha.