Mpwa wangu, yule mnyoo haishi katika nyuzi 350

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwenu nyote hapo Langoni. Ile video ya mnyoo wa kilindini "anayeishi katika maji ya nyuzi 350" nimeiona, na najua unataka kuwaonyesha wanafunzi wako. Waonyeshe. Ila namba hiyo usiiandike ubaoni kabla hujanisikiliza, maana namba ni ya kweli lakini si ya mnyoo.

Nyuzi 350 ni joto la maji yanapofoka kwenye tundu la mwamba, huko sakafuni mwa bahari. Kina ni kama mita 2,500, na shinikizo la huko ni kama mara 250 ya lile la hewa ya juu, ndiyo maana hayachemki. Lakini bahari inayoyazunguka ina nyuzi 2 tu. Yakikutana nayo, madini huganda papo hapo, hufanya ule moshi mweusi na kujenga dohani, na joto huporomoka ndani ya sentimita chache. Wanyama hukaa kwenye hizo sentimita chache, si ndani ya mkondo. Anayeingia mkondoni anaiva.

Mnyoo wa video ni Alvinella pompejana wa Pasifiki ya mashariki, aliyeelezwa na Wafaransa Desbruyères na Laubier mwaka 1980. Hujijengea kijibomba ukutani mwa dohani, mkia ndani, kichwa nje. Mwaka 1998 watafiti walichapisha vipimo vya ndani ya vijibomba hivyo: wastani wa nyuzi 68 upande wa mkia, mara nyingine hadi 81, na 22 upande wa kichwa. Hapo ndipo sifa zilipoenea. Lakini kilichopimwa ni maji ya kijibomba, si mwili. Ukichomeka kipimajoto kwenye kijibomba chembamba waweza kutoboa ukuta wake, maji ya moto yakapenya, nawe ukasoma joto ulilolileta mwenyewe. Isitoshe, mnyoo hatulii mahali pamoja. Hutoka na kuingia.

Utauliza kwa nini wasimpandishe juu wampime. Akipandishwa hivi hivi, shinikizo hushuka na hufika amekufa au mahututi, na hapo huwezi kujua kilichomuua ni joto au ni safari. Ikabidi kitengenezwe chombo kinachofungwa huko huko chini na kupanda na shinikizo lake, kisha mnyoo ahamishiwe kwenye tangi lenye shinikizo lile lile, ndipo joto liongezwe. Majibu yalichapishwa 2013: kwenye nyuzi 42 walistahimili, kati ya 50 na 55 walikufa, tishu zimeharibika. Ndugu yake, Paralvinella sulfincola, aliwekwa kwenye tangi lenye moto upande mmoja na ubaridi upande wa pili, achague mwenyewe. Akachagua nyuzi 40 hadi 50. Kwa mnyama, hilo ni jambo kubwa mno. Halihitaji kutiwa chumvi.

Kamba wa Atlantiki, Rimicaris exoculata, ananivutia zaidi. Husongamana kwa maelfu ubavuni mwa matundu yenye maji ya nyuzi 350, lakini tangini hushindwa yakikaribia nyuzi 39. Anaishi kwa kujua pa kusimama.

Mpaka wa joto kwa wanyama hawa uko karibu na 50 kwa sababu mwili wa mnyama una viungo vingi vya kulegea: protini hukunjuka, utando wa seli huvuja, mitokondria, vile viwanda vya nguvu ndani ya seli, huacha kazi. Kolajeni ya Alvinella, ile protini inayoshikanisha mwili, hushika hadi karibu nyuzi 45, ilhali ya Riftia, yule mnyoo mrefu mwekundu asiye na mdomo, huachana karibu 29. Tena maji ya tunduni hayana oksijeni, na yamebeba hidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu. Kusogea kwenye joto ni kusogea pasipo na pumzi. Ndiyo maana matamvua ya Alvinella yako kichwani, upande wa nje.

Mwanafunzi akikuuliza habari za viumbe wa nyuzi 122, mwambie wapo, ila ni vijidudu vya seli moja, si wanyama. Walikuzwa maabara Japani, chini ya shinikizo kubwa, na taarifa yao ikatoka 2008. Asili yao ni tundu la Kairei, katika Bahari ya Hindi hii hii, mbali huko upande wa Rodrigues.

Kisha watoe wanafunzi nje siku ya bamvua, wakapime wenyewe mahali hasa mnyama anapokaa, maji yakipwa saa nne au saa tano asubuhi. Watafute kidimbwi chenye kaa au konokono. Wapime juu ya maji, wapime chini, wapime ndani ya tope pale mnyama alipojificha. Kipimajoto kikae kivulini mwa mkono, kwa sababu jua likikipiga kitasoma jua. Wasubiri namba itulie, kama dakika moja, ndipo waandike pamoja na saa. Tope wasilichimbe kwanza: wakilifukua, maji ya juu yatazama na namba zote tatu zitafanana.

Mjomba wako