Malalamiko kuhusu matairi yaliyouzwa kwa jina la daunhili

Kwa: Meneja wa Huduma kwa Wateja

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATAIRI MAWILI YA BAISKELI YA MILIMANI, INCHI 29 × 2.5, NA MWONGOZO WENU WA KUCHAGUA TAIRI

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Hii ni mara ya tatu nawaandikia. Mara mbili za kwanza nilijaza fomu yenu ya mtandaoni, na mara zote mbili nikajibiwa na mhudumu mpole aliyedhani nalalamikia pancha. Silalamikii pancha. Pancha ni za kila anayepanda baiskeli, na mimi nimeshaziba nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ninacholalamikia ni jina mliloandika kwenye boksi: daunhili, yaani tairi la kuteremkia milima kwa kasi.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: sidai kwamba tairi lenu ni bovu. Meno yamekaa sawasawa, ukingo uliingia kwenye ringi bila kugombana, na upepo ulikaa wiki nzima bila kupungua. Kwa njia za kawaida za msituni, zenye kupanda na kushuka kwa kiasi, ningempendekezea mtu yeyote. Ila boksi halikusema hivyo. Boksi lilisema "daunhili na friraidi" (friraidi ni ule mtindo wa kujirusha kwenye majabali na miteremko), tena kwa herufi kubwa, na juu yake mkaweka picha ya mtu aliyejirusha kutoka kwenye jabali, magurudumu yote mawili hewani. Nikaamini, kwa sababu na mwongozo wenu ulinipeleka hapo hapo.

Siku ya tatu ya kuyatumia nilikuwa kwenye mteremko ninaoufahamu jiwe kwa jiwe. Kuna mahali mwamba unakatika ghafla, kimo cha kama mita moja, na chini yake yamejipanga mawe yaliyosimama kwa makali. Gurudumu la mbele lilipita. La nyuma lilitua, nikasikia ringi ikigonga mwamba, kisha upepo wote ukatoka kwa pumzi moja. Maji meupe ya kuziba pancha yakanirukia hadi pajani. Maji hayo nayajua kazi yake. Tundu la mwiba huliziba kabla hujashtuka. Hapa yalikuta mlango uko wazi. Nilipoteza gurudumu la nyuma, nikaanguka kwa ubavu, kiwiko kikachubuka, na mwenzangu aliyekuwa nyuma akanikwepa kwa bahati tu. Sehemu iliyobaki niliteremka kwa miguu, baiskeli begani.

Nyumbani niliosha tairi nikalikagua. Mkato mmoja ulikuwa na urefu wa milimita 21, ubavuni, juu kidogo ya ukingo. Mwingine mfupi ulikuwa upande wa pili, ukiutazama ule wa kwanza kama alama za meno ya nyoka. Maana yake tairi lilibanwa kati ya jiwe na ringi likakosa cha kujikinga nacho. Basi nikachukua kisu nikalipasua kabisa, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, nione limetengenezwaje.

Hapo ndipo kiini cha barua hii kilipo. Ubavuni nilikuta tabaka moja tu la nyuzi. Linazunguka waya wa ukingo na kurudi juu kiasi cha upana wa kidole, basi, halafu ni mpira mwembamba peke yake. Tairi la daunhili, Ndugu Meneja, halitengenezwi hivyo. Lina matabaka mawili kamili ya nyuzi, mbavu zote mbili, na mara nyingi huongezewa kipande kigumu cha mpira pale ubavu unapokutana na ukingo, ili tairi lisijikunje likabanwa na ringi. Ndiyo sababu ya uzito wake. Tairi la kazi hiyo, la ukubwa huu, huwa karibu na gramu 1,200 hadi 1,400. Langu la nyuma, nililolipima kwenye mizani kabla ya kulifunga, lilikuwa gramu 946. La mbele 938.

Najua mtaniuliza: kama ulilipima, kwa nini ulilifunga? Ni swali la haki. Nilishtuka kidogo, kisha nikajiambia kwamba huenda mmegundua namna mpya ya kutengeneza tairi jepesi na gumu kwa wakati mmoja. Nilitaka kuamini hivyo, maana hakuna asiyependa baiskeli nyepesi. Sehemu hiyo ya kosa naibeba mwenyewe. Iliyobaki ni yenu.

Sasa nije kwenye majibu ya mhudumu wenu.

Kwanza aliuliza kama nilifunga saizi isiyo yake. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 63-622, na ringi yangu ni 622 yenye upana wa ndani wa milimita 30. Namba 622 ni kipenyo cha mahali ukingo unapokaa, kwa milimita, na zote mbili zinalingana. Hapo hapana mjadala. Mshale wa mzunguko nao ulielekea mbele, kama mlivyochora.

Kisha akasema upepo ulikuwa mdogo. Nilikuwa na psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 24 mbele na 27 nyuma, nimezipima asubuhi hiyo kwa kipimo cha kidijitali, si kwa kubonyeza na dole gumba. Akanishauri nijaze 35. Tafadhali mtafuteni mtu yeyote katika kampuni yenu anayeteremka milima kwa kasi, mwambieni ajaze 35 kwenye tairi pana kama hili, halafu mumsubiri chini. Tairi lililojaa hivyo halilikumbati jiwe, linadunda juu yake. Breki inakamata lakini gurudumu haligusi ardhi vya kutosha, na kwenye kona za kokoto unateleza kama uliyekanyaga punje za mahindi. Tunapunguza upepo makusudi ili tairi lilegee na kushika, na matabaka mawili yapo kwa ajili hiyo hasa: yakuruhusu kupunguza upepo bila kulipia kwa ringi. Tairi linalohitaji psi 35 ili libaki hai kwenye mawe limeshakiri lenyewe kwamba mawe si mahali pake. Nami nina kilo 92 bila begi, jambo ambalo mwongozo wenu haukuniuliza.

Jibu la mwisho lilikuwa kwamba ninunue sponji ya kuweka ndani ya tairi. Sponji hizo ni kitu kizuri, nimewahi kuzitumia. Zinaikinga ringi, na zinalishikilia tairi lisichomoke ukingoni unapolala kwenye kona. Ila jiwe lenye makali linapokwaruza ubavu kutoka nje, sponji iliyo ndani italifanya nini? Tena jumlisheni: gramu 946, ongezeni sponji ya gramu 200 hivi, mmeshakaribia uzito wa tairi halisi la daunhili, na ubavu bado ni ule ule wa tabaka moja. Mteja analipa mara mbili ili apate nusu.

Kuhusu mwongozo wenyewe. Una maswali matatu: unaendesha wapi, gurudumu lako ni inchi ngapi, na unapenda ubavu wa rangi gani. Rangi! Sikatai, ule wa kahawia unapendeza. Lakini rangi imepata swali lake zima, ilhali uzito wa mwendeshaji, upana wa ringi, hali ya ardhi, na kama tairi linakwenda mbele au nyuma havikupata hata neno moja. Ardhi ya tope inataka meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke. Ardhi kavu ya mawe inataka meno mafupi zaidi, yaliyokaribiana, yasiyopinda chini ya breki. Mwongozo wenu unayaweka yote chini ya neno "mlima".

Vilevile unasema, na hapa nanukuu maneno yenu, "nyuzi nyingi, uimara zaidi". Ndivyo nilivyochagua tairi lenye nyuzi 120 kwa inchi badala ya lile la 60. Kumbe ni kinyume. Ili nyuzi 120 zienee kwenye inchi moja lazima kila uzi uwe mwembamba. Tairi linakuwa jepesi na laini, linafuata ardhi vizuri, lakini ni rahisi kukatika. Nyuzi 60 ni nene, nzito, na ndizo zinazotumika zaidi kwenye matairi ya kuteremkia. Mtu anayetafuta uimara akifuata sentensi yenu anatoka na tairi dhaifu zaidi rafuni. Mimi nilitoka nalo.

Tairi la mbele bado ni zima, lakini nalo nalirudisha, na sababu ni mpira wake. Boksi linasema "mpira laini unaonata". Chini ya nembo, kwa tarakimu ndogo ambazo niliziona kwa tochi, pameandikwa 60a. Kwenye kipimo hicho, namba ikipanda mpira umezidi ugumu. Mpira laini wa kuteremkia huwa karibu na 42. Nilibonyeza jino la pembeni kwa ukucha, likarudi papo hapo kama kifutio kipya. Mpira laini wa kweli hurudi taratibu, kana kwamba unafikiri kwanza, na ule uvivu wake ndio unaoshika mzizi uliolowa. Hilo la kwenu lilinitelezea kwenye mizizi siku ya kwanza, nikadhani mkosaji ni mimi.

Mpira wa 60 una mahali pake. Unadumu, unaviringika kwa wepesi, na nyuma unaweza kumfaa anayepanda mlima kwa nguvu zake mwenyewe kabla ya kuushuka, kama wafanyavyo wengi wa friraidi. Lakini nyinyi mnauza seti, mbele na nyuma sawasawa, kana kwamba magurudumu hayo mawili yana kazi moja. La mbele linaongoza na kushika kona. La nyuma linabeba mwili na kupokea vishindo. Tangu 2019 hata shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, linaruhusu mashindanoni gurudumu la 29 mbele na la 27.5 nyuma. Ikiwa ukubwa wenyewe unaweza kutofautiana, kwa nini mpira na unene visitofautiane?

Pengine mtasema jina ni jina tu, kila kampuni inapamba bidhaa yake. Mchezo huu haukuanza hivyo. Vijana walioshindana kuteremka mlima karibu na Mlima Tamalpais kule California mwaka 1976 waliyaita mashindano yao Repack, kwa sababu kila wakifika chini grisi ya breki ya nyuma ilikuwa imeungua, ikabidi waifungue na kuipaka upya. Jina lilitoka kwenye kilichokipata kifaa. Nyinyi mmeliweka jina kwanza, kifaa kikaachwa kijitetee chenyewe kwenye mawe.

Ninachoomba ni hiki. Mnirudishie fedha za matairi yote mawili, au mnipe badala yake matairi yenye matabaka mawili, la mbele likiwa la mpira laini kweli. Ringi siidai, ilipinda kidogo, nimeinyoosha kwa mkono wangu na inazunguka sawa. Pia neno "daunhili" litoke kwenye boksi la tairi hili, au kama lazima libaki, basi pembeni yake paandikwe idadi ya matabaka, uzito halisi kwa gramu, na ugumu wa mpira, kwa herufi zinazosomeka bila tochi. Ile sentensi ya nyuzi iondolewe leo, isisubiri boksi jipya. Mtu anayeisoma jioni hii anaweza kuwa juu ya mwamba keshokutwa.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi nitaipeleka kwa mamlaka inayolinda walaji, pamoja na majibu mawili ya mhudumu wenu. Yeye simlaumu, alisoma alichopewa asome. Naomba safari hii ajibu mtu aliyewahi kulifunga tairi hilo kwenye baiskeli yake.

Wenu,

Mteja

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha sita, mbili zikiwa za mizani, boksi, limekunjwa, tairi la mbele, na kipande cha ubavu wa tairi la nyuma, sentimita kumi, ndani ya bahasha ndogo. Kikunjeni kwa vidole viwili, kisha mkunje na cha tairi lolote la matabaka mawili lililopo ghalani kwenu.