Shosti, hivi balbu inakula umeme?

Shosti wangu Rehema,

Mambo? Najua, najua, meseji yako ya tangu likizo sijaijibu, na we nawe ukaninunia, tumekuwa kama watoto wa chekechea. Basi yaishe. Sisi wazima, mdogo anaota meno na usiku halali mtu, mguu wa mama unaendelea vizuri. Nakuandikia kirefu hivi kwa sababu nina shida na wewe, na nikikutumia voisi utasikiliza nusu utajibu "poa" bila kuelewa umekubali nini.

Unaikumbuka ile kozi ya bure ya walimu wa sayansi, Babu Kemia alitupia linki kwenye grupu tukamcheka? Nimeifanya. Yote, wiki sita. Nilianza kwa ubishi tu, nikijua ni yaleyale ya semina, mtu anakusomea slaidi ambazo na wewe unaziona kwa macho yako halafu mnapiga picha ya pamoja. Kumbe wiki ya kwanza wananipa kazi ya kitoto: chukua betri moja, balbu ya tochi na kipande kimoja cha waya, washa. Waya mmoja! Na kabla hujagusa kitu, chora kwanza utakavyoviunga.

Mimi na miaka yangu kumi na moja ya fizikia nikachora fasta, balbu imesimama juu ya betri, waya unatoka chini ya betri unapanda mpaka pale kitako cha balbu kinapogusana na betri. Saa tano usiku niko mezani nabana vitu kwa vidole. Wapi! Giza, alafu waya ukaanza kuchemka mkononi, yani nilikuwa nashoti betri mwenyewe. Nilikaa pale karibu nusu saa, shosti, usicheke. Mpaka nikaigeuza ile balbu na kuiangalia vizuri ndo nikaona: ule uzi wa ndani ncha moja imeshikizwa kitakoni, nyingine kwenye lile koti la chuma la pembeni, kwa hiyo umeme uingie huku utokee kule. Nikausogeza waya kama nusu sentimita ukagusa koti, ikawaka. Shuleni balbu zote zimeshafungwa kwenye soketi zake zenye skurubu mbili, sijawahi kulazimika kujua.

Sasa nikasema ngoja niwaulize watoto. Balbu mbili zinazofanana, zimeungwa mfululizo, yani moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya umeme, ipi itawaka zaidi? Nikawaambia kila mtu aandike jibu kwanza, hamna kuangaliana. 29 kati ya 43 wakaandika ya kwanza, na mmoja akanipa sababu ambayo mpaka leo inanichekesha na kuniuma, eti "ya pili inapata makombo". Makombo! Hawa ndo waliofaulu mtihani wa kanuni ya Ohm mwezi uliopita, V ni sawa na IR wanaiimba kama wimbo wa mchakamchaka.

Na nani kawafundisha? Si sisi wenyewe, nyumbani "zima hiyo pasi inakula umeme", darasani pia nimejisikia nikisema balbu inatumia mkondo. Mkondo haupungui bwana, unaoingia kwenye balbu ndo huohuo unaotoka, kwa hiyo zote mbili zinawaka sawa, kinachotumika pale ni nishati. Tangu siku hiyo nikitaka kusema "inakula" najing'ata ulimi, mume wangu anaona nimechanganyikiwa.

Kuwaonesha ikawa mtihani mwingine maana amita zetu, vile vipimo vya mkondo, ziko mbili na moja mshale umeganda. Nikatumia zile simulesheni za PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, za Chuo Kikuu cha Colorado, alizianzisha Carl Wieman 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fizikia. Bure kabisa, unadaunlodi ukiwa na neti halafu darasani zinafunguka bila bando, na zipo ambazo zimeshawekwa kwa Kiswahili. Tukaweka amita kabla ya balbu, kati, na baada. Namba ileile mara tatu. Yule wa makombo akaja mbele akazihamisha mwenyewe, akihisi kompyuta inamdanganya, ikabidi tuunge sakiti ya kweli kwa ile amita yetu moja nzima ndo akaridhika. Sijui kama aliridhika ama alichoka.

Basi nikapeleka cheti kwa mkuu. Akakiangalia mbele na nyuma kama noti bandia, akasema "hiki ni cha bure, weka tu kwenye faili lako". Wiki iliyofuata tukaenda semina ya siku mbili, tukasomewa slaidi, tukasaini mahudhurio, hiyo ndo imehesabiwa. Nilikasirika nikataka kuacha yote. Na kusema kweli bure yenyewe si bure sana, bando langu, usingizi wangu, na kuna kozi nyingine unasoma hivi vizuri ukifika mwisho cheti wanataka ulipie. OpenLearn ya Open University ya Uingereza angalau hawana hiyo, ukimaliza wanakupa karatasi ya kushiriki bila kudai kitu. Ila ndo hivyo, karatasi ya kushiriki, mkuu atakwambia weka kwenye faili.

Sasa shida yangu. Kozi inayofuata inataka tuwe wawili wawili, kila mmoja anarekodi kipindi chake, mwenzie anasikiliza na kumwambia ukweli. Hapa kwetu nimwombe nani, Mama Tuma? Ataniambia "ulifundisha vizuri, mungu akubariki". Nakutaka wewe kwa sababu ya huo mdomo wako.

Na usiniambie ni ya fizikia we unafundisha kompyuta, upande wenu upo. Unawapa watoto programu fupi wasome, watabiri itafanya nini, ndo waiendeshe, waichunguze, waibadilishe, mwisho kabisa waandike ya kwao. Ni uleule mchezo wa balbu, kutabiri kwanza. Na zile kompyuta zenu nne zinazowaka zisikutishe, CS Unplugged ya Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, ni masomo ya kompyuta bila kompyuta. Kadi tano tu, nukta 16, 8, 4, 2, 1, watoto watano wanasimama mbele kila mmoja na yake, wanageuza na kufunua, darasa linahesabu kwa bainari, yani kwa 0 na 1 tu, mpaka 31. Nilifanya na wanangu wawili hapa sebuleni, ikabidi na mimi nishike kadi mbili.

Kwa hiyo vipi, uko na mimi? Unaweza usiku baada ya saa tatu ama watoto wako bado wanachelewa kulala? Simu yako mpya inarekodi sauti vizuri? Mkuu wenu atakuruhusu kurekodi darasani au naye anataka barua? Na ile ya uhamisho imefikia wapi, mbona umekaa kimya? Majina yanafungwa Ijumaa, nimeshaandika la kwako. Ukitaka nilifute niambie kabla ya Alhamisi.

Wako,
Mama Junior

Halafu jaribu ile ya waya mmoja kabla hujanicheka. Chora kwanza, nitumie picha ya mchoro.